Maji ya Karafuu

Nina pua kali tangu utotoni. Mama alikuwa akinipa maziwa niyanuse kabla hajawapa wageni, na nikisema yameanza kuharibika hakuna aliyebisha. Nikiingia nyumbani kwa mtu najua kama mafuta ya kukaangia ni ya jana, najua kama godoro la mtoto limeanikwa au limegeuzwa tu. Watu huona ni kipaji. Mimi naona ni adhabu, maana nafundisha shule ya msingi hapa Same mjini, darasa limejaa, joto la huku chini halina huruma, na ikifika mchana nakuwa nimekunja sura mpaka watoto wanadhani nina hasira nao.

Kwa hiyo nikisema harufu iliyonichefua kuliko zote maishani mwangu ni ya karanga za kukaanga, naomba nieleweke vizuri. Harufu ya kidonda kilichoharibika naijua. Nililala nayo chumba kimoja, na nitaisimulia. Lakini kidonda ningekinusa tena leo kama ingebidi. Karanga siwezi.

Mama yangu anaishi milimani, kwenye nyumba aliyojenga na marehemu baba, pamoja na kaka yangu na wifi yangu. Wanalima tangawizi, maharage na migomba kidogo. Ni mama wa kanisa, wa kwaya ya kina mama, mtu ambaye hata kuni anazipanga kwa urefu. Siku moja akiwa kwenye shamba la tangawizi alikanyaga kijiti kilichobaki ardhini baada ya kuvuna maharage. Kilipenya yeboyebo kikaingia kwenye unyayo. Yeye hakujua. Aliendelea kupalilia mpaka akaona kiatu kinateleza, akakivua, akakuta damu.

“Haukuuma hata kidogo,” alinisimulia kwa simu, na mimi nikashukuru kwamba haukuuma. Wote tulishukuru. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mguu wa namna gani unatobolewa na mwenyewe hasikii. Mimi mwalimu, nimefundisha sayansi, sikujiuliza.

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo mengine yote hayataeleweka. Kwetu milimani mtu haendi kwa daktari na uchafu wake. Anaoga kwanza, na kama hawezi, anaogeshwa. Anapakwa mafuta, anavikwa nguo za Jumapili, kucha zinakatwa. Bibi yangu alisema chanzo chake ni zamani, wakati manesi walikuwa wanasimama mlangoni kukagua kucha na masikio, na aliyekutwa mchafu anarudishwa kwao akaoge, hata kama mgongoni ana mtoto mwenye homa na kwao ni juu ya kilima. Watu wakajifunza, na wakapitiliza. Nimemwona kwa macho yangu jirani mwenye uchungu wa kuzaa akisuguliwa visigino kwa jiwe huku gari linamsubiri barabarani na dereva anapiga honi. Nimemwona mzee wa kanisa aliyekuwa anahema kwa shida akinyolewa ndevu kwanza. Hakuna aliyeshangaa. Kwa daktari unakwenda kama unavyokwenda mezani pa Bwana.

Na imani yenyewe haikuwa ya mdomoni. Zahanati yetu tuliijenga kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa mtu wa kubeba mawe na mchanga, na mama alibeba kichwani katika umri ambao wenzake walikuwa wamekaa wanachambua mboga. Mpaka leo anajua mawe yake yako kona gani ya ukuta. Akipita pale huyagusa.

Bahati mbaya, kipindi kile zahanati ilikuwa na kufuli, mhudumu wake amehamishwa na mwingine hajaletwa. Ndipo mama akateremka kwangu Same nimpeleke hospitali. Hospitali gani sitasema. Wanaotibiwa huku wataijua, na wasiotibiwa huku wana ya kwao.

Asubuhi ile niliamka nikakuta jikoni kunanukia kama pilau ya harusi. Mama alikuwa amechemsha maji na karafuu. Aliyamimina kwenye beseni, akaweka mguu humo, akakiosha kidonda kwa kitambaa, akarudia, akarudia, mpaka kingo zake zikawa nyeupe kama ugali. Akakikausha. Akanyunyiza poda ya mtoto. Akakifunga kwa kitambaa cheupe alichokata kwenye joho lake la zamani la kwaya, akakaza fundo vizuri kama anafunga zawadi.

“Mama, daktari atataka kukiona,” nikamwambia.

“Atakiona. Lakini akione kikiwa na adabu.”

Kisha akavaa viatu vyake vyeusi vya kanisani. Mguu ulikuwa umevimba, haukuingia. Akachukua kijiko cha chakula, akakitumia kuusukuma mguu ndani ya kiatu, mguu wenye tundu, na uso wake haukukunjamana hata kidogo. Mimi ndiye niliyekunja uso kwa niaba yake.

Tulikaa kwenye benchi mpaka zamu yetu. Daktari alikuwa kijana, koti limepigwa pasi, nywele zimechongwa. Mezani kwake palikuwa na gazeti limetandazwa, na juu yake karanga za kukaanga. Alikuwa anazisugua viganjani, anapuliza maganda, anatupia mdomoni. Chumba kizima kilinuka karanga. Mama alikaa kitini mbele yake, mgongo umenyooka, mikono mapajani, akasubiri kusalimiwa. Daktari alikuwa mtu wa umri wa mjukuu wake. Hakusalimiwa.

“Eeh, mama, shida?”

“Hatujambo, baba, tunamshukuru Mungu,” mama akajibu, maana kwake yeye mazungumzo huanza na salamu hata kama mwenzake ameziruka. “Poleni na kazi. Nimechomwa na kijiti shambani.”

Daktari akapuliza karanga. Maganda yakaruka juu ya meza yakatua kwenye khanga ya mama. Mama hakuyapangusa. Nadhani aliona kuyapangusa ni kumsema.

Nikamsaidia mama kuvua kiatu. Daktari akarefusha shingo kutoka pale alipokaa, akatazama kile kitambaa cheupe chenye fundo lake zuri.

“Mbona pasafi tu? Kidonda kibaya kinanuka, mama. Hiki kinanukia.”

Akacheka mwenyewe. Na kweli kilinukia. Lakini mimi nina hii pua yangu, na chini ya karafuu, chini ya poda, chini ya zile karanga, nilisikia kitu kitamu kilichochacha, kama embe lililosahaulika uvunguni. Nikamwambia, “Daktari, naomba ukifungue uone.”

“Wewe unafanya kazi gani?”

“Ni mwalimu.”

“Nilijua. Walimu mnajua kila kitu.” Akaandika vidonge, akasukuma karatasi kwa kidole kimoja. Kile kidole kilikuwa na mafuta ya karanga, kikaacha doa.

Hakuinuka. Hakufungua fundo. Hakumpima sukari, hakumpima chochote. Nimelifikiria hili mara nyingi, na kila nikilifikiria roho inanichafuka upya: muda alioutumia kumenya konzi moja ya karanga ungetosha kufungua lile fundo.

Kilichoniumiza zaidi ni mama. Tulipotoka nje alikuwa anatembea kwa furaha. “Kijana mzuri,” akasema. “Umesikia alivyosema ni pasafi?” Alirudi milimani akawasimulia kwamba daktari mwenyewe amekisifu kidonda chake. Akameza vidonge vyote kwa utii. Na kwa kuwa daktari alisema ni kitu kidogo, akarudi shambani na kile kitu chake kidogo ndani ya yeboyebo.

Mvua za vuli zilikuwa zinamalizikia wifi aliponipigia simu. Alisema mama siku hizi anaoga peke yake kule kwenye migomba, hataki mtu amkaribie, na usiku anafunga mlango wa chumba chake kwa ndani. Alisema pia, kwa sauti ya chini kama anasengenya, kwamba nyumba imeanza kunuka. Nikapanda milimani mwisho wa wiki. Sikuhitaji kuambiwa ni chumba kipi.

Nikateremka naye tena. Nyumbani kwangu tulilala chumba kimoja, na asubuhi alifanya yale yale, maji, karafuu, poda, joho la kwaya. Safari hii karafuu zilishindwa. Alitia nyingi mpaka maji yakawa meusi, na bado ile harufu ilipanda juu yake ikakaa. Aliniangalia kuona kama nimeisikia. Nikajifanya natafuta funguo.

Chumba kilikuwa kile kile, daktari yule yule. Karanga vilevile, nadhani kuna mama anamuuzia pale getini kila siku. Hakumkumbuka mama. Alisoma cheti, akasema, “Fungua tuone.”

Mama akainama kufungua mwenyewe, na kwa kuwa mguu ulikuwa hauinuki vizuri, ilimchukua muda. Kitambaa kilikuwa kimegandia. Alipokibandua, ile harufu ilijaa chumba mara moja. Sitaipamba. Ilikuwa harufu ya nyama iliyoachwa, tamu na kali, ikakaa kwenye ulimi. Mate yalinijaa, nikameza, nikasimama pale pale kwa sababu ni mama yangu.

Daktari alisukuma kiti chake nyuma kwa miguu yote miwili mpaka kikagonga kabati. Akaziba pua kwa mkono wa koti.

“Mama, umeoza!”

Mlango ulikuwa wazi. Benchi zima lilisikia. Mtu mmoja huko nje akaguna, mwingine akacheka kile kicheko cha mtu aliyeponea. Daktari akaendelea, koti bado puani, “Umeoza kabisa. Huu wa kukata. Mpeleke akaandikishwe wodini.” Halafu akafanya kitu ambacho nitazeeka nacho na kufa nacho. Alinyoosha mkono mwingine, akakunja lile gazeti taratibu lisimwagike, akalihamishia dirishani. Aliziokoa karanga zake.

Mama alirudisha kitambaa. Akakaza fundo. Akauchukua mguu wake akauingiza kwenye kiatu kilichopanuliwa kwa kisu, akasimama, akasema, “Asante, baba.” Wodini hakwenda. Nilimsihi pale uwanjani, nikamsihi nyumbani, nikapaza sauti mpaka majirani wakatoka. Alinijibu mara moja tu.

“Kuku ndiye anaoza, mwanangu. Mimi ni mtu. Nirudishe kwangu.”

Lile neno lilipanda mlima kabla yetu. Tulipofika kijijini tayari lilikuwa linajulikana kisimani na kanisani, na kila mtu alikuja kutoa pole huku anataka kulisikia kutoka mdomoni kwake. Kwa kijiji, haukuwa mguu wa mama uliotukanwa. Walitukanwa wote. Jirani aliyekuwa na mimba ya miezi mingi akasema atajifungulia kwa mama mkwe wake, hatapelekwa huko akaambiwe ananuka. Mzee mmoja wa presha akaacha dawa zake, akasema heri aanguke shambani akiwa na heshima yake. Wifi yangu mwenyewe, mtu ambaye hakukosa kliniki hata moja ya watoto wake, akaniambia, “Kama yeye aliyebeba mawe ya zahanati anaambiwa hivyo, mimi wataniambia nini?”

Kipindi kile kile shuleni kwetu tuliletewa semina ya jinsi ya kurudisha imani ya jamii kwa huduma za afya. Mtoa mada alivaa suti, akatuambia tatizo kubwa ni wananchi wa milimani, wana imani potofu, wanakimbilia waganga. Tukapewa soda na korosho. Nilikaa pale nikimtazama anavyokula korosho huku anaongea, nikatoka nje kabla ya kufunga kwa sala.

Mganga mwenyewe alikuja siku ya gulio. Alikuwa na pikipiki yenye spika mbili, anatangaza mafuta ya kiboko wa Ziwa Jipe, yanayotibu kidonda, ganzi, mgongo na ndoa iliyopoa. Kaka akamleta nyumbani. Mimi nilikuwepo, nimekwenda na dawa za kuoshea kidonda nilizonunua duka la dawa, ambazo mama alikuwa amezikataa kwa kuwa zilitoka mjini. Nilimwona yule mtu akiingia uani, meno yamepakwa rangi ya ugoro, ukucha wa kidole kidogo mrefu kama wa kunguru, nikasema moyoni huyu leo namtoa na mwiko.

Akapiga magoti. Kwenye udongo, na suruali yake ya kitambaa. “Shikamoo, mama yangu mzazi.”

“Marahaba, mwanangu.”

Akaomba ruhusa. Akafungua kitambaa yeye mwenyewe, polepole, akiloweka pale palipogandia ili pasichanike. Harufu ikatoka. Mimi nilirudi hatua. Wifi aligeuza uso. Yule mtu hakuziba pua, hakutema mate, hata hakupepesa. Aliuchukua mguu wa mama akaulaza mapajani mwake, akaushika kwa mikono miwili, akapitisha vidole kwenye kila kidole chake kimoja kimoja.

“Pole, mama,” akasema. “Nani alikuacha uteseke hivi?”

Mama akalia. Alipozikwa baba sikumwona akilia mbele ya watu. Alilia mbele ya tapeli mwenye spika, machozi yakamwagikia khanga, na yule tapeli akamwacha alie, mguu ukiwa bado mapajani mwake.

Halafu akafungua chupa. Pua yangu haikuchelewa. Ilikuwa oili chafu ya pikipiki, ile iliyomwagwa baada ya kuunguza injini, imechanganywa na mafuta ya mnyama yaliyochacha na kitu cha kuwasha kama pilipili. Kiboko hakuwemo. Alichovya vidole vile vile alivyotoka kushikia usukani wa pikipiki na noti za watu wa gulioni, akaisukumia ile takataka ndani ya tundu la mguu wa mama yangu, na ule ukucha ukiingia kwanza. Akamaliza, akafuta mikono kwenye jani la mgomba, akalitupa pale pale uani, kuku wakalikimbilia.

Nilipobaki na mama nikamwambia, “Mama, hii ni oili. Ya pikipiki. Naijua.”

“Hata mimi naisikia,” akasema. “Siyo wewe peke yako mwenye pua. Lakini amenishika.”

Nilimchukia yule mtu kwa kujua kitu kile na kukifanyia biashara, na nikamchukia daktari zaidi kwa kumwachia soko. Unajiuliza mtu mwenye akili zake anampaje tapeli mguu wake. Anampa kwa sababu ndiye pekee aliyenyoosha mikono kuupokea.

Mafuta ya kiboko yalifanya kazi yake. Kidole gumba kikawa cheusi, kisha cha pili, weusi ukaanza kupanda kwenye wayo. Inzi walimjua mama, walimfuata kutoka chumbani hadi jikoni. Homa ikaanza, akawa anaongea na baba kama yupo mlangoni. Kaka akamtafuta yule mtu wa spika kwa simu, namba haipatikani. Nikaomba ruhusa shuleni, nikapanda. Siku hiyo homa ilikuwa imeshuka kidogo, mama amekaa kitandani, akili zake zimerudi.

Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza. Niliingia mle chumbani, nikaona ule mguu, na ubembelezaji wote ukaniishia. “Mama,” nikasema, “mguu unakwenda. Ukibaki hapa, na wewe unaufuata. Chagua sasa hivi.”

Wifi, kwa mazoea, alikuwa ameshatoka kuchemsha maji, nikasikia anatafuta karafuu kabatini.

“Nitakwenda,” mama akasema. “Mwambie aache maji. Sitaoga.”

Wifi akaja mlangoni na beseni mkononi, akasimama. Nadhani angeshangaa kidogo tu kama mama angesema anakwenda uchi. Kaka akasema, “Mama, watu watakuonaje?” Mama akasema ndivyo anavyotaka, aonwe. Akavaa gauni la shambani lenye utomvu wa ndizi, khanga yenye moshi wa jikoni. Mguu akaukatalia kitambaa. Tulimbeba mpaka barabarani, na pale njiani wifi alijaribu kuufunika kwa mtandio wake, mama akauondoa. Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani walisimama, wakatazama chini kwa aibu, kama wameona kitu kisichotakiwa kuonwa. Tulimpitisha nyuma ya zahanati yenye kufuli, karibu na mawe yake, hakuyagusa.

Ndani ya gari vioo vyote vilikuwa wazi. Nilitapika kwenye kona za kwanza na sikuomba radhi kwa mtu.

Hospitali, benchi lilijipunguza lenyewe. Watu walihama mmoja mmoja mpaka tukabaki peke yetu na zamu ikawa yetu. Mama aliingia akiniegemea. Hakusalimia. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona anaingia mahali penye mtu asisalimie, hata kwa mbuzi wa jirani. Daktari alikuwa na gazeti lake mezani, na karanga. Aliinua kichwa, pua ikaanza kukunjamana.

Mama akaushika mguu wake kwa mikono miwili chini ya goti, akauinua, akauweka juu ya meza. Juu ya gazeti. Karanga zikapondeka, nyingine zikadondoka sakafuni, na inzi waliokuja nasi kutoka milimani wakatua.

“Shika,” akasema.

Daktari alisimama. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona kwa urefu wake, kumbe ni mfupi. Alinitazama mimi, akatazama mlango, ambao niliufunga. Alifungua mdomo, nikajua neno lile linakuja, lakini mama alikuwa anamtazama usoni na halikutoka.

“Shika, baba. Ndiyo maana nimekuja.”

Akatafuta glovu kwenye droo, akazivaa, moja ikachanika, akavaa nyingine. Akagusa. Kwanza kwa ncha ya kidole, kisha kwa mkono mzima. Akabonyeza wayo, kifundo, mfupa wa mbele. “Unasikia hapa?” Sisikii. “Na hapa?” Sisikii. Nikaona uso wake unabadilika, ukawa uso wa mtu aliyesoma. Akaita muuguzi alete mashine ya sukari. Wakamchoma mama kidoleni, kitone kimoja cha damu, na ile mashine ikasema ndani ya muda mfupi kwamba ana kisukari, jambo ambalo lingesemwa tangu siku ya kwanza ya joho la kwaya. Baada ya hapo watu walikimbia huku na huku, kitanda cha magurudumu kikaja, dripu ikaja. Kila kitu kilikuwepo pale pale jengoni. Karanga zilibaki mezani na sikuona nani alizisafisha.

Walimkata chini ya goti.

Nilimuuguza wodini. Choo cha wodi ile sitakisimulia, ila nilikuwa nakwenda nikiwa nimebana pumzi na kurudi nikiwa nimeibana bado. Mama alikuwa anapona. Kidonda kipya kilikuwa kikavu, hakikunuka kitu. Aliniomba beseni na maji ya uvuguvugu, akaoga pale kitandani mwenyewe kila asubuhi, sehemu zote zilizobaki. Karafuu hakuziomba.

Siku moja daktari akapita na wenzake kutazama wagonjwa. Alikuwa mchangamfu. Akasimama kwenye kitanda cha mama, akawaeleza wale wengine kidogo kwa lugha yao, kisha akamgeukia kwa upole ambao nadhani ulikuwa wa kweli. Kichwani mwake mama alifika hospitali ile mara moja tu, siku ya mezani. Zile siku nyingine mbili hazikuwepo. Khanga yenye maganda ya karanga haikuwepo.

“Unaona sasa, bibi,” akasema. “Nyie watu wa milimani mnapenda kuchelewa. Mnazunguka kwa waganga, mkishindwa ndiyo mnatukumbuka. Ungekuja mapema, huu mguu ungekuwa wako.”

Wale wenzake wakatikisa vichwa. Mama alimtazama bila hasira, kwa muda, kama anayetafuta sura ya mtu aliyewahi kumfahamu. Kisha akaikunja ncha ya shuka juu ya mahali mguu ulipokuwa, akainyoosha vizuri.

“Nilikuja mapema, baba,” akasema. “Nilikuja nimeoga.”